Picha ya turubai la msiba imetuletea faini. Je, tuuze nyumba?

Shikamoo Mama Mkubwa,

Mimi na mume wangu ni watu wa Tanga. Tuko Texas mwaka wa kumi na mbili sasa, na mwaka 2021 Mwenyezi Mungu alitujalia tukanunua nyumba pembeni mwa Fort Worth. Yeye ni dereva wa lori la masafa marefu, mimi nahudumia wazee zamu ya usiku. Nyumba ile tumeipata kwa jasho. Leo nakuandikia barua ya wakili iko mezani, nimetoka kazini saa moja asubuhi na usingizi umekataa kuja.

Mtaa wetu uko chini ya HOA, chama cha wenye nyumba. Siku ya kununua tulisaini makaratasi mengi mpaka mkono ukauma, na hilo la HOA lilikuwa mojawapo. Ada ni dola 720 kwa mwaka, inalipwa Januari. Miaka yote tumelipa bila maneno.

Oktoba iliyopita mama mkwe wangu alifariki. Mume wangu alikuwa Nebraska na mzigo. Kwa desturi yetu ya kuzika mapema, kabla hata hajapata pa kulaza lori, mama alikwisha zikwa. Hakumwona, hakushika udongo. Alipofika nyumbani tukafanya matanga hapahapa. Watu walikuja kutoka Dallas, Houston, hata Oklahoma. Tulisimamisha turubai mbele ya gereji, magari yakajaa barabarani na mengine yakapanda kwenye majani yetu, na siku ya khitma kina mama wakapika pilau kwa kuni pale uani, sufuria mbili kubwa. Siku tatu, ya nne tukafagia kila kitu. Jirani yetu, bibi mmoja wa Kimexico, alituletea sinia la tamale, chakula cha kwao, na akakaa na sisi hadi usiku.

Baada ya siku tisa ikaja barua. Ndani mna picha, imepigwa kutoka kwenye gari linalopita. Turubai linaonekana, na viatu vya wageni vimepangwa mlangoni, na shangazi yake mume wangu ameinama anaosha mchele, khanga yake nimeitambua. Chini yake yameandikwa makosa matatu: kibanda cha muda bila kibali, magari juu ya majani, moto wa kuni mbele ya nyumba. Mume wangu aliitazama ile picha muda mrefu, akaikunja, akaitia kwenye droo ya jikoni. Akasema, "Mimi nimenunua nyumba, sikupanga chumba."

Tangu siku hiyo barua ya HOA ikija inaingia droo bila kufunguliwa. Januari akakataa kulipa ada. Anasema huu ni ukoloni, mtu mzima kupimiwa urefu wa majani. Mwezi Machi akapanda mchicha kwenye kitalu cha mbele, chini ya dirisha, mbegu alipewa na Mkongo mmoja rafiki yake, wao wanauita lengalenga. Umestawi, umefika magotini, na najua ameupanda pale makusudi waone. Wameona. Wiki mbili zilizopita nimefungua barua ya mchicha huo, mimi mwenyewe nikiwa peke yangu: mchicha uondolewe, la sivyo faini nyingine.

Na juzi ndiyo ya wakili. Ada dola 720, adhabu ya kuchelewa na riba dola 95, faini dola 300, gharama za wakili dola 650. Jumla dola 1,765. Wasipolipwa wataweka zuio kwenye hati ya nyumba.

Mama Mkubwa, nikuambie ukweli ambao sijamwambia mume wangu. Mimi mtaa huu naupenda. Tulikopanga zamani jirani alikuwa na magari mabovu manne uani na mbwa wasiofungwa, wanangu hawakuwa wanatoka nje. Hapa taa zinawaka, kuna bwawa la kuogelea, watoto wanaendesha baiskeli mpaka Magharibi. Lakini ile picha na mimi imeniuma.

Maswali yangu: Je, kweli wanaweza kutunyang'anya nyumba kwa turubai na mchicha? Je, tuuze tuhamie mahali pasipo na HOA, kama anavyotaka yeye? Na nimwambieje mume wangu?

Mama Wawili, Texas

*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana kwa msiba. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yenu, na ampe subira huyo mwanawe ambaye hakuwahi kushika udongo. Nimesoma barua yako nikarudi pale kwenye khanga ya shangazi mara tatu.

Nitaanza na droo, kwa sababu droo ndiyo inayoniogopesha, kuliko turubai na kuliko mchicha. Leo, kabla hujalala, ifungue. Zitoe bahasha zote, zipange mezani kwa tarehe zilizoandikwa ndani ya barua. Bahasha nazo zihifadhi, na utazame ipi ilikuja kwa posta ya kawaida na ipi kwa rejista (huko inaitwa certified mail), ile inayosainiwa au yenye namba ya kufuatilia. Utaona baadaye kwa nini.

Kuna kisa kilichovuma mwaka 2010, hukohuko kaskazini mwa Texas, mji wa Frisco. Kapteni mmoja wa jeshi alikuwa Iraq. Mkewe alibaki nyumbani na huzuni na wasiwasi, barua zikawa zinakuja naye hazifungui. Ada ya HOA waliyokuwa wakidaiwa haikufika dola 1,000. Nyumba yao, ya thamani ya kama dola 300,000 na isiyokuwa na hata mkopo wa benki, ikapigwa mnada kwa dola 3,500. Kapteni anapata habari akiwa vitani. Hatimaye waliirudisha, kwa kesi na kwa sababu sheria inawalinda wanajeshi walioko vitani. Ninyi hamna kinga hiyo. Kilichowaponza si kupaka ukuta rangi mbaya wala kujenga kibanda. Ni ada ndogo na bahasha zilizofungwa.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu hivi. Kwa turubai na mchicha peke yake, hapana. Sheria ya Texas, sura ya 209 ya sheria za mali, inakataza HOA kupiga mnada nyumba kwa deni ambalo ni la faini tupu, au gharama za wakili zilizotokana na faini. Lakini kwa ada, ndiyo, wanaweza. Baada ya visa kama kile cha Frisco, mwaka 2011 bunge la Texas liliongeza sharti kwamba lazima wapitie mahakamani kwanza wapate amri. Na hata nyumba ikiuzwa mwenyewe ana siku 180 za kuikomboa, zinazohesabiwa tangu HOA ilipomtumia taarifa ya mauzo. Hiyo ni kinga, lakini si ukuta.

Hapo ndipo mume wako alipokosea, na namwonea huruma maana alikosea kwa uchungu. Faini ndiyo iliyomuudhi, akaiacha faini, akagoma ada. Zile dola 300 zisingeweza kumtoa ndani ya nyumba yake. Zile 720 zinaweza. Amewapa mpini wao, makali ameyashika yeye.

Ada ilipeni. Mkiwa na hela yote, yote. Kama hamna, HOA yenye nyumba zaidi ya 14 inatakiwa kisheria iwe na utaratibu wa kulipa kidogokidogo, usiopungua miezi mitatu. Uombe kwa maandishi, usipige simu. Na sheria imepanga malipo yanavyoingia: ada iliyochelewa kwanza, halafu ada ya sasa, halafu gharama za wakili, na faini zikae nyuma huko. Mkilipa dola 720 haziruhusiwi kumezwa na faini. Andika hata kwenye hundi kwamba ni ya ada.

Hizo dola 650 za wakili nazo zisikutishe kabla hujazikagua. Kabla ya kukubandika gharama za ukusanyaji, HOA ilitakiwa ikutumie kwanza barua kwa rejista, ikitaja deni, ikieleza habari ya kulipa kwa awamu, na ikikupa siku 45. Ndiyo maana nimekwambia utunze bahasha. Kama barua ya namna hiyo haimo kwenye droo, mwandikie wakili umuulize ilitumwa lini na kwa njia gani, aonyeshe. Nimeona gharama zikiondolewa kwa swali hilo moja. Mimi si mwanasheria, na kwa hapo ulipo kuna Legal Aid of NorthWest Texas, wana ofisi Fort Worth, wanasaidia watu wa kipato cha chini. Waulize kama mnastahili. Usimwachie wakili wa upande wa pili awe ndiye anayekueleza haki zako.

Sasa mchicha. Barua yake ina wiki mbili, maana yake bado mna nafasi. Sheria inakupa siku 30 tangu barua ilipotumwa, si tangu ulipoifungua, kuomba kwa maandishi kusikilizwa mbele ya bodi. Ukiomba, wanatakiwa wakae nawe ndani ya siku 30. Na siku 10 kabla ya kikao wakupe karatasi na picha zote watakazozitumia, wasipofanya hivyo una haki ya kuahirisha siku 15. Siku yenyewe wao ndio wanaoanza kueleza, wewe unajibu. Watu wetu wengi wanadhani kikao hicho ni mahakama, wanaogopa Kiingereza chao. Ni chumba chenye meza na majirani watano wamechoka kutoka kazini.

Nakwambia hivyo kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Nilikaa kwenye bodi ya mtaa wetu miaka mitatu. Kila mwezi kampuni ya usimamizi ilituletea faili: anwani, picha, namba ya kifungu. Hakuna mahali palipoandikwa nani amefiwa. Mwezi mmoja nilinyoosha mkono kupitisha faini ya mlango wa gereji uliokaa wazi wiki nzima, kanuni ya mtaa hairuhusu. Baadaye nikaja kujua kwamba ndani ya gereji ile mlikuwa na kitanda cha hospitali. Baba wa nyumba alikuwa anakata roho polepole, akawaomba wanawe asilazwe chumbani, anataka kuona watu wakipita. Mkono ule niliunyoosha mimi, na jirani yule niliwahi kupita mbele ya mlango wake nikamwona amelala, nikadhani anapumzika. Nilikwenda kuomba msamaha baada ya mazishi. Mkewe alinipa kiti, lakini kukaa nilishindwa.

Na mwezi mwingine akaja Mnigeria mmoja, yeye mwenyewe, na kofia yake mkononi. Alikuwa na barua ya magari mengi mbele ya nyumba. Akaeleza kwamba ilikuwa harusi ya binti, akataja tarehe, akasema safari ijayo atatoa taarifa. Tulifuta faini kabla hajarudi kwenye kiti. Kosa lilikuwa lilelile, kanuni ileile. Tofauti ni kwamba yule tulimwona uso.

Hapa ndipo nataka uongee na mume wako, na ongea naye kwa lugha anayoijua. Muulize: tungekuwa Tanga, turubai la msiba limekata njia ya mtaa, nani angetangulia kupewa habari? Atasema mjumbe. Balozi wa nyumba kumi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kwetu nako hakuna mtu anayefunga barabara kwa turubai na kuwasha kuni bila kumwambia mtu. Mtoto anatumwa, "Nenda kwa mjumbe, mwambie tumefiwa." Na mjumbe anakuja, anakaa mkekani, anatoa ubani. Hata yeye mume wako angetuma mtoto. Hapa hakutuma kwa sababu hakujua kama kuna mjumbe. HOA kwake ni bahasha na gari linalopita likipiga picha. Haijawahi kuwa na uso wala kukanyaga nyumbani kwake. Na ubaya mkubwa wa mfumo huu, kwa maoni yangu, uko hapo: kazi ya ujirani imepewa kampuni inayolipwa, na kampuni haina kifua cha kubeba msiba.

Asemapo ni ukoloni, usimkatalie upesi. Ana hoja kuliko anavyojua. Masharti ya namna hii, yanayofungwa kwenye hati na kurithiwa na kila anayenunua, yalikomaa mwanzoni mwa karne iliyopita. J. C. Nichols alijenga mitaa yake ya Country Club District kule Kansas City kwa masharti hayo, akaunda na vyama vya wenye nyumba vya kuyasimamia. Karatasi ileile iliyosema nyumba ziwe mbali kiasi gani na barabara ilisema pia kwamba mtu mweusi haruhusiwi kumiliki wala kuishi humo. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya familia ya Shelley wa Saint Louis, ilisema mahakama zisitumike tena kutekeleza masharti ya rangi. Sheria ya 1968 ndiyo iliyoyapiga marufuku kabisa. Mzee mweusi wa mtaani kwako aliyezaliwa kabla ya hapo anayakumbuka. Kwa hiyo mume wako akihisi harufu, pua yake haikukosea. Lakini leo nyumba ni yake, kura ni yake, na bodi ile inachaguliwa na wenye nyumba, yeye akiwemo. Mkoloni hakuwahi kumpa babu yake karatasi ya kura.

Na si kweli kwamba wanaweza kuandika lolote. Yapo ambayo sheria imewafunga mikono. Dishi la televisheni lisilozidi mita moja hawawezi kukukataza kulifunga kwenye eneo lako, ni kanuni ya serikali kuu tangu 1996. Bendera ya Marekani vilevile, tangu 2006. Hapo Texas, majani yako yakikauka wakati mji umezuia kumwagilia, tangu Septemba 2025 hawaruhusiwi kukutoza faini kwa ukavu huo. Na tangu 2024 kila HOA ya Texas inayotoza faini inatakiwa iwe na orodha iliyoandikwa ya makosa na viwango vyake, na wenye nyumba waione. Iombe orodha hiyo. Angalia kama dola 100 kwa kila kosa zimo, na kama barua ya Oktoba ilikueleza haki ya kusikilizwa. Kama haikueleza, zile 300 zina kasoro, na useme hivyo kikaoni kwa adabu.

Upande wa pili nao ninausema kwa moyo wote, maana wewe umeuona na unaogopa kuutamka mbele ya mumeo. Ile ada ndiyo taa zako, na ndiyo bwawa la watoto wako. Vitongoji vingi vipya vya Texas vimejengwa na mkandarasi aliyeacha mabwawa ya maji ya mvua, mifereji, bustani, hata ukuta wa nje, na mji haukuvipokea. HOA isipovitunza havina mwenyewe. Mvua moja ya Mei inatosha kukuonyesha.

Na watu wakikataa kuchangia, madhara hayaishii kwenye rangi iliyobanduka. Tarehe 24 Juni 2021, usiku, sehemu ya ghorofa la makazi la Champlain Towers South mjini Surfside, Florida, ilianguka watu wakiwa vitandani. Walikufa 98. Jengo lilikuwa la 1981, na mhandisi alikuwa ameandika tangu 2018 kwamba zege limeharibika na linataka matengenezo makubwa. Wenye nyumba walivutana miaka juu ya gharama. Michango ya dola milioni 15 ilipitishwa Aprili 2021, miezi miwili kabla. Najua ghorofa si nyumba ya chini kama yako, na hakuna mtu anayefukiwa kwa ada ya bwawa la kuogelea. Nimelitaja kwa sababu mimi mwenyewe, nikiwa kwenye bodi, nilipigia kura mara mbili kutopandisha ada ili watu wanipende. Baada ya Surfside niliomba tufungue vitabu vya akiba, na tulichokikuta kilinitoa jasho.

Swali la kuuza. Msiuze kwa hasira, na msiuze sasa. Ile ada mtailipa vilevile, maana siku ya kukabidhiana nyumba HOA huulizwa inadai nini na hukatwa kwenye fedha zenu. Dalali naye anachukua chake. Halafu mlinunua 2021, riba ya mkopo wa nyumba ilikuwa kwenye asilimia 3 hivi. Mkianza upya leo mtakutana na riba ya juu zaidi kwa nyumba ya ukubwa uleule. Nyumba zisizo na HOA zipo, nyingi ni za mitaa ya zamani au nje ya mji, na huko ndiko unakoweza kumpata tena yule jirani wa magari manne. Huyo hakuna bodi ya kumshtaki kwake, kuna ofisi ya mji tu, nayo foleni yake ni ndefu. Kama baada ya mwaka mmoja, deni limekwisha na uchungu umepoa, bado anataka kuhama, basi hameni kwa macho makavu. Na safari hiyo, kabla ya kusaini, ombeni masharti ya mtaa yaliyosajiliwa kwa karani wa kaunti, bajeti, na kiasi cha akiba, myasome nyumbani juu ya chai. Mkutane pia na jirani mmoja mumuulize barua ya mwisho aliyoipata ilihusu nini.

Mume wako usimwanzie na sheria. Msubiri arudi safari, ale, apumzike. Mtolee ile picha. Mwambie ulivyoiona wewe: kwamba aliyepiga picha aliona turubai, na wewe uliona watu waliotoka Houston na Oklahoma kwa ajili ya mama yake. Mwache aseme. Nadhani mwanaume huyu hajalia vya kutosha, na ile droo ameigeuza kaburi ambalo hakupata nafasi ya kulifukia. Akishamaliza, mwombe jambo moja tu, aende nawe kikaoni. Na mkienda, picha ileile mwende nayo. Waiweke wao mezani kama ushahidi wa makosa matatu, halafu mume wako aeleze ni nani yule mwenye khanga, na kwamba siku hiyo mama yake alikuwa ana siku tatu kaburini mahali ambapo yeye hakufika. Aseme hakujua kwamba inatakiwa taarifa, na safari nyingine atatoa. Aombe faini zifutwe. Hawalazimiki, muda wa kuomba kusikilizwa juu ya zile za Oktoba umepita, lakini hakuna kinachowazuia. Yule bibi wa Kimexico mwombeni aje akae pamoja nanyi. Alikuwepo.

Mkiwa palepale, ulizeni utaratibu wa kuomba kibali cha turubai kwa msiba na sherehe, uandikwe. Hamtakuwa ninyi peke yenu mnaouhitaji, kila mtaa wa Texas siku hizi una watu wa kila bara wanaozika na kuozesha.

Barua ya kuomba kusikilizwa isiwe ndefu. Tarehe, majina yenu, anwani ya nyumba. Kisha: "Tumepokea barua yenu ya tarehe fulani kuhusu mimea ya mbele. Tunaomba kusikilizwa na bodi chini ya sura ya 209. Tunaomba pia nakala ya orodha ya faini na taarifa ya malipo yetu." Saini mbili, yako na yake. Ipeleke posta kwa rejista, stakabadhi uipige picha.

Mchicha huo uchume wote kwanza, usiutupe. Miche michanga ihamishie nyuma ya nyumba, karibu na uzio, panapopata jua la asubuhi, na uimwagilie jioni kwa wiki ya kwanza maana jua la Texas halina huruma na mizizi iliyoguswa. Hivyo siku ya kikao kitalu cha mbele kitakuwa safi, na mkiulizwa mtajibu kwamba mmekwisha rekebisha.

Nijulishe tarehe. Kikiwa Jumamosi, nitaendesha kuja, nikae nyuma na yule bibi.